Waya wa Gurudumu la Mbele Kulia

Gari la Hajji Jamilu liliingia kwenye karakana ya Prossy Apendi Jumanne saa tatu asubuhi. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, jekundu, limekaa chini karibu na ardhi kiasi kwamba Hajji, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye tumbo la heshima, alilazimika kushika paa kwa mkono mmoja na kujinyanyua kwa awamu mbili ndipo akatoka. Alikuwa na malori sita ya kubeba mizigo, na baada ya miaka ishirini ya kukaa juu kwenye malori aliamua kujinunulia kitu cha kukaa chini. Watu wa Tororo walilijua gari lile kwa mlio wake kabla halijatokea kwenye kona.

"Fundi, hii gari imenishinda," alisema. "Iko na taa inakuja na kupotea. Leo inakuja, kesho hakuna. Nikiipeleka kwa fundi inanyamaza kama haijafanya kitu. Nikitoka hapo, inakuja tena."

"Taa gani, Hajji?"

"Ile yenye kagari kadogo na mikia miwili imepindapinda nyuma."

Prossy aliijua. Ni taa ya mfumo unaozuia magurudumu yasiteleze. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Mukuju, na kazi yake ilikuwa umeme wa magari peke yake. Mambo ya injini na gia aliwaachia wenzake wa jirani. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na ndani alikuwa peke yake, kwa sababu alipenda kusikia anachokifanya.

"Ikija, gari inafanya nini?"

Hajji alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Inakosa nguvu. Kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Ijumaa nilikuwa natoka Busia na mke wangu, Rukiyah. Mbele kuna trela la simenti. Barabara iko wazi, nikatoka kulipita. Tumefika katikati yake, injini inakataa. Nakanyaga, haiendi. Na basi linakuja."

"Mkafanya nini?"

"Mimi sikufanya kitu. Dereva wa basi ndiye alifanya. Aliteremka pembeni, kwenye majani, na abiria wake wote. Rukiyah alishukia senta ya maduka iliyofuata, akachukua boda mpaka nyumbani. Tangu hiyo siku hajaigusa."

Prossy alivuta kiti cha plastiki, akamkaribisha Hajji aketi, kisha akachukua daftari. Mafundi watatu walikwishalishika gari lile. Wa kwanza alifuta kumbukumbu ya kompyuta, taa ikatulia siku tatu. Wa pili alisoma kwenye mashine kwamba kasoro iko kwenye sensa ya gurudumu la mbele kulia, akabadilisha sensa. Wa tatu alisoma maneno yale yale, akabadilisha sensa ile mpya kwa nyingine mpya. Prossy hakuwacheka. Mashine ndivyo ilivyosema.

"Ilianza lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mvua ikinyesha, inazidi?"

"Mvua, jua, yote sawa. Inakuja ikitaka."

"Hapana, Hajji. Lazima kuna kitu inachokingoja. Niambie mara zote unazokumbuka. Ulikuwa wapi, unafanya nini."

Hajji alihesabu kwa vidole. Mara ya Ijumaa, analipita trela. Mara nyingine, analipita tangi la mafuta. Mara nyingine tena, lori la miwa. Na mara moja hakuwa anampita mtu. Alikuwa anatoka kituo cha mafuta, anakata kulia kuingia barabarani haraka kabla gari jingine halijafika.

"Basi gari haipendi malori," alisema. Yeye mwenyewe alikuwa na sita, na hata yeye alitabasamu kidogo.

Prossy aliandika, kisha akapiga mstari chini ya neno *kulia*. Kumpita mtu ni kutoka kulia. Kutoka kituo kile ni kukata kulia. Na mara zote nne mguu wa Hajji ulikuwa umekanyaga mafuta kwa nguvu. Gari kama lile, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukilikanyaga hukaa kitako na kuinua pua.

Alimweleza Hajji kwa lugha nyepesi. Kila gurudumu lina sensa yake inayohesabu mizunguko. Kompyuta inazisikiliza zote nne na kuzilinganisha. Sasa gurudumu la mbele kulia likinyamaza ghafla, kompyuta inadhani limesimama. Inaona ya nyuma bado yanazunguka, inasema haya yanateleza, inaikaba injini ili yashike ardhi. Baada ya sekunde chache inagundua kwamba imedanganywa, ndipo inawasha taa.

"Kwa hiyo taa inakuja baada ya shida," Hajji alisema.

"Ndiyo. Taa ni ya mwisho kujua."

Walitoka pamoja, Hajji akiendesha, Prossy kando yake na mashine ya kupimia mapajani. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na mistari minne ya rangi nne, kila gurudumu na mstari wake, yote ikipanda na kushuka pamoja kadiri mwendo ulivyobadilika. Kwenye lami iliyonyooka hakuna kilichotokea. Prossy akamwambia achepuke kwenye barabara ya udongo ya upande wa Kwapa, ambako mvua ilikuwa imechimba mashimo ya kutosha. Walipita mashamba ya mihogo, wakampungia mkono mwanamke aliyeanika mtama kando ya njia. Mbele palikuwa na tuta, na baada ya tuta kona ya kulia.

"Usipunguze sana," Prossy alisema. "Ukivuka tuta, kanyaga na ukate."

Gari liliruka kidogo. Hajji akakata. Mstari wa kijani ukaanguka mpaka chini kabisa, ukakaa sifuri kwa muda wa kupepesa jicho, ukapanda tena kuungana na wenzake. Taa haikuwaka.

"Umeona kitu?"

"Nimeona. Rudia."

Walirudia mara sita. Mara nne mstari ulianguka, na mara ya mwisho taa ilijitokeza kwenye dashibodi, ya rangi ya chungwa, kagari kadogo na mikia yake miwili. Hajji aliitazama kama anavyotazamwa mdeni aliyekubali kufungua mlango.

Karakanani Prossy aliinua upande wa mbele kwa jeki, gurudumu likaning'inia. Alichomoa sensa na kupima waya kwa mita. Mita ilisema waya ni mzima. Alitegemea hivyo, ndivyo ilivyokuwa imewaambia wenzake watatu. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi nyembamba nyingi, na hata ukibaki mmoja tu umegusa, mita inaridhika. Akachukua taa ndogo ya balbu, akaiunga mwishoni mwa waya na kupitisha umeme wa betri, maana balbu inahitaji nyuzi za kutosha ili iwake vizuri. Ikawaka. Akazungusha usukani kulia mpaka mwisho, gurudumu likiwa bado linaning'inia. Balbu ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto linalokufa. Akavuta waya kidogo kwa vidole viwili. Ikazimika.

Alifungua plastiki inayofunika sehemu ya juu ya gurudumu, vishikizo kumi na moja, akaingiza mkono na kufuata waya kwa kugusa. Mkono ulipozama mpaka kiwiko, juu ya shoki inayopunguza mtikisiko, alikuta uvimbe. Mtu alikuwa ameuunga waya hapo na kuuviringia tepu nyeusi. Akauvuta nje kwenye mwanga, akachukua kisu.

Tepu ilikuwa imeviringwa vizuri, bila mkunjo, na mwisho wake ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mizunguko mitatu, na fundo lililoingizwa chini ya mzunguko wa pili.

Prossy aliweka kisu chini.

Alikuwa amefunga fundo lile mara nyingi mno. Alijifunza Busia, upande wa Kenya, kwa fundi Osborn, aliyemchukua alipokuwa na miaka ishirini baada ya karakana tatu kumwambia kwamba hakuna mwanamke wa umeme wa magari. Osborn hakumwambia neno lolote la kumtia moyo. Alimpa chuma cha kulehemu na waya chakavu, akamwambia aunge viungo mia moja, halafu akakata tisini na akamwambia aunge tena. Miaka tisa alikaa naye. Uzi wa nta ulikuwa wa Osborn. Tepu peke yake, alikuwa akisema, huchoka na joto ikafunguka. Prossy hakumjua mtu mwingine aliyejisumbua hivyo, ila yeye mwenyewe.

Alikata uzi, akaondoa tepu. Ndani kulikuwa na nyaya mbili zilizosokotwa. Kwenye ule wa kwanza risasi ya kulehemu ilikuwa imeyeyuka na kuingia katikati ya shaba, ikang'aa. Kwenye wa pili, risasi ilikuwa tone zuri la mviringo, limekaa pembeni, juu ya plastiki ya waya, kando ya shaba. Haikugusa shaba hata kidogo. Nyuzi zilikuwa zimeshikana kwa kusokotwa tu, na nyingi zilikwishakatika.

Alilitazama tone lile kwa muda mrefu. Haukuwa uzembe. Mtu mzembe haviringi tepu namna ile. Aliyefanya kazi ile aliifanya kwa uangalifu wote, akaweka risasi mahali alipodhani shaba ipo.

Hajji, aliyekuwa akiongea na simu nje, aliingia. "Umepata?"

"Nimepata. Waya uliungwa, na kiungo kimoja hakikushika. Ulikuwa umekatika kwa nini?"

"Mwezi wa tatu niliingia shimo upande wa Kenya. Shoki ilivunjika. Abdunoor, mtoto wa ndugu yangu, ndiye alipeleka gari kwa fundi huko huko. Mimi sikuenda." Aliinama kutazama nyaya. "Nani alifanya hii? Nataka jina. Mimi na Rukiyah tulikuwa tunakufa."

"Nitaunga upya leo, utaondoka na gari ikiwa nzima," Prossy alisema. "Jina nitakuletea, Hajji. Nipe siku mbili."

"Unamjua?"

"Nipe siku mbili."

Hajji alimtazama, akaona hatapata zaidi, akarudi kwenye kiti. Prossy alikata kile kiungo chote, akaweka kipande kipya cha waya, akalehemu, akavika mipira ya kubana kwa joto, akafunga waya mbali na gurudumu. Walirudi kwenye lile tuta la njia ya Kwapa wakalivuka mara kumi. Mistari minne ilikwenda pamoja kila mara. Kiungo kibovu alikitia kwenye mfuko wa ovaroli.

Kesho yake alipanda pikipiki yake mpaka Busia, akaiacha upande wa Uganda kwa mama anayeuza nguo za mitumba, akavuka mpaka kwa miguu.

Karakana ya Osborn ilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, haikubadilika. Alimkuta ameinama kwenye injini ya gari dogo, akaamua hatamkatiza. Alisimama mlangoni na kumtazama akifanya kazi, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama anavyotazama gari lililoletwa. Osborn alikuwa na miaka sitini na mmoja. Spana zake zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa kwa ukubwa, na kila alipotaka moja alipapasa toka mwanzo wa mstari: moja, mbili, tatu, nne, akaichukua ya nne. Alipofungua nati, aliweka kidole cha kushoto kwanza, kisha spana ikafuata kidole. Hakuna alichokosea. Mtu asiyemjua angesema huyu ni fundi mwenye utaratibu.

"Shikamoo, Mzee."

Aliinua uso, akautega upande wa sauti. "Apendi. Marahaba. Mbona Jumatano? Tororo hakuna kazi?"

"Kazi ipo."

Aliketi naye kwenye benchi. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote aliyaona hayafai. Akatoa kile kiungo na kukiweka kwenye kiganja cha Osborn.

Osborn hakukiinua kukitazama. Alikipitisha kati ya kidole gumba na kidole cha pili, polepole, akageuza, akapitisha tena. Kidole gumba kilifika kwenye lile tone na kusimama.

"Ni changu," alisema.

"Ndiyo."

"Risasi iko pembeni."

"Ndiyo, Mzee."

"Gari gani?"

"Lile jekundu la milango miwili. Uliweka shoki mwezi wa tatu."

"Nakumbuka. Kijana wa Kiislamu alilileta, mpole sana." Selpher, mkewe, ambaye alikuwa na kibanda cha chai pembeni, alikuja na vikombe viwili, akaona uso wa mumewe, akaviweka na kuondoka bila kusalimiana kwa kirefu. "Lilifanya nini?" Osborn aliuliza.

Prossy alimwambia yote: trela, basi, majani, mke wa mtu aliyeteremka njiani. Hakupunguza. Osborn alikuwa amemfundisha kutopunguza anapoeleza kasoro.

"Tangu lini, Mzee?"

"Jicho la kushoto, mwaka jana. Nilidhani ni moshi wa chuma. La kulia lilianza kama Krismasi. Kuna ukungu. Asubuhi ni afadhali, jua likiwa kali sioni kitu kidogo kabisa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anasoma orodha. "Kazi kubwa naziweza. Shoki, beringi, breki, mikono inajua. Nyaya ndizo. Nilikuwa najiambia mikono inajua na nyaya pia."

"Mama Selpher anajua?"

"Anajua namwaga chai. Sijui kama anajua kwa nini."

Prossy alijikuta hana hasira, na hilo lilimsumbua, kwa sababu alikuja akidhani angekuwa nayo. Alichokuwa nacho ni aibu, kana kwamba amemkuta mzazi akivaa nguo.

"Yule mwenye gari anataka jina," alisema. "Nilimwambia siku mbili. Sikujua la kumwambia."

Osborn alisimama, akafuta mikono kwa tambara. "Nipeleke."

Walimkuta Hajji Jamilu kwenye yadi ya malori yake, saa tisa alasiri. Osborn alikuwa amevaa shati safi. Alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki njia nzima, mkono mmoja begani mwa Prossy. Sasa alisimama mbele ya Hajji na kujitambulisha kwa jina lake lote, akasema, "Waya wa gari lako niliuunga mimi. Nilijua macho yangu yameharibika tangu Krismasi, na niliendelea kufanya kazi."

Hajji alikuwa ameyatayarisha maneno yake kwa muda mrefu, ilionekana. Alivuta pumzi. Kisha akamtazama yule mzee, macho yake yaliyolenga mahali karibu na bega la Hajji lakini si kwenye uso wake, na maneno yale akayaacha.

"Mke wangu alikuwa kando yangu," alisema.

"Nimeambiwa."

"Watoto wetu ni wanne."

Dereva mmoja alikuwa akigonga tairi la lori kwa chuma, kulipima upepo. Hajji alikwenda mpaka kwenye bomba, akanawa uso, akarudi.

"Tangu Krismasi," alisema. "Magari mangapi mengine?"

Prossy, mwenye kuwauliza wateja maswali yote, hakuwa amefikia hilo. Alikuwa amemfikiria Osborn, na jina lake, na miaka tisa. Osborn naye alifumba macho.

"Niliyogusa nyaya," alisema, "ni tisa. Pamoja na la kwako."

"Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka yote. Hilo halijaharibika."

"Basi nendeni mkayatazame," Hajji alisema. "Mimi yangu imekwisha. Hayo manane yana watu ndani."

Hakumpa mkono wakati wa kuagana, na Osborn hakuutegemea. Lakini Hajji aliwaita walipofika getini, akawauliza wanasafiri na nini, na alipoona pikipiki akamwambia Abdunoor awapeleke kwa gari dogo la ofisi, siku yoyote watakayohitaji, mpaka magari yote manane yatazamwe.

Kazi ilichukua wiki tatu. Osborn alitaja gari na kasoro lililokuja nayo, na Selpher, ambaye alikuwa na namba za watu wote kwenye simu yake, aliwapigia. Tangu siku alipoelezwa sababu, alianza kummiminia chai yeye mwenyewe, na alijaza kikombe nusu. Baadhi ya magari yalikuwa Busia, moja lilikuwa limeuzwa Bungoma, na mwenyewe alilirudisha kwa kulalamika. Prossy alifungua kila kiungo. Osborn alisimama kando na kumweleza mwenye gari, kila mara kwa maneno yale yale, na kila mara mwenye gari alimtazama Prossy kwanza kana kwamba anatafuta mkalimani. Mmoja alitukana. Mwingine, mwalimu wa shule, alimwambia Osborn kwamba hata hivyo ataendelea kuleta gari kwake, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Alilirudia njiani mara mbili.

Walikuta viungo viwili vibaya. Kimoja kilikuwa cha taa za nyuma za gari la kubeba samaki. Cha pili kilikuwa cha feni ya injini, nacho kilikuwa kimeanza kuunguza plastiki. Vingine vilikuwa vizuri, na Prossy alipovikata ili ajiridhishe aliona aibu kuviharibu.

Katikati ya wiki hizo kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja hospitali ya Masafu kwa siku tano, na Prossy alimpeleka. Walisubiri kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Daktari, msichana mwenye umri mdogo kuliko Prossy, alimulika jicho la kulia akasema ni mtoto wa jicho, atatolewa. Alimulika la kushoto kwa muda mrefu zaidi. Hilo lilikuwa na presha, alisema, na mshipa wake ulikwishakufa. Dawa itazuia la kulia lisifuate njia hiyo, lakini la kushoto halitarudi.

"Mwaka jana ningekuja?" Osborn aliuliza.

Daktari alifikiri kama amjibu. "Mwaka jana tungeokoa kiasi," alisema.

Osborn alitikisa kichwa, akamshukuru, akauliza siku ya upasuaji. Nje aliomba wakae kidogo kabla ya kuondoka. Walikaa kwenye ukingo wa saruji.

Gari la mwisho lilikuwa la Benedeta, mama anayelima na kuuza mihogo mikavu, pikapu ya zamani aliyoileta kwa Osborn mwezi wa pili kwa sababu ya honi. Alikaa ndani vijijini, njia ya Masafu. Walikwenda siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji. Osborn alikuwa amevaa miwani myeusi kuzuia vumbi, na njiani alisoma kwa sauti kila kibao walichopita, hata vya sabuni, mpaka Abdunoor akaanza kucheka.

Benedeta aliwapokea kwa mashaka. Honi yake ilikuwa inalia vizuri. Hakuwa ameita fundi. Alisimama na mikono kiunoni huku Prossy akifungua chini ya usukani, na Osborn akimweleza: macho, Krismasi, nyaya, jicho moja limekufa, moja limefunguliwa, kiungo chake kinatazamwa kwa usalama. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlitoka Tororo na Busia kuja kutazama kitu ambacho hakijaharibika."

"Ndiyo, mama."

"Na hiki kiko namna gani?" alimuuliza Prossy.

"Kiko kizuri. Ni cha mwezi wa pili, asubuhi, nadhani."

"Asubuhi," Osborn alisema. "Alikuja asubuhi na mapema."

Benedeta aliingia ndani, akatoka na sahani ya karanga za kuchemsha, akaiweka juu ya boneti. Walikula wakiwa wamesimama. Alimtazama Osborn, miwani yake, mikono yake, akaonekana anapima jambo.

"Sasa kwa kuwa mmefika," alisema, "hii breki ya nyuma inalia. Ukikanyaga inalia kama mbuzi. Wa hapa wamesema ni vumbi."

Prossy alifuta mikono na kugeuka kuchukua jeki, lakini Osborn alikuwa amekwisha kuvua shati lake safi na kulitundika kwenye kioo cha pembeni. Aliuliza ni gurudumu lipi. Benedeta akamwonyesha kwa kidole, na yeye akaona kidole kilikoelekea, akatandika gunia chini akaingia mvunguni.

"Kanyaga," alisema kutoka chini. "Tena. Hapana, hii si vumbi."